Mtutu Uliopelekwa Palepale

Vijana niliowaacha ofisini Same wamenitumia ujumbe mara kadhaa wakitaka niwaandikie uzoefu wangu wa kazi. Nimestaafu kwa hiari, neno ambalo mke wangu hulitamka taratibu kila anaponikuta nimelala saa nne asubuhi, kwa hiyo kisingizio cha kukosa muda sina. Kuhusu vyeo sitasema kitu. Vyeo nilivipata kama nilivyopata mvi, kwa kukaa tu. Mshahara nao ulikuwa ukija na kuondoka bila kunisalimia vizuri. Nitawaeleza habari za bastola moja, mtutu wake, na msimu mmoja wa mahindi kule Maore, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia karibu kila kitu nilichokuja kuwafundisha ninyi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akikijua.

Nilifika Same nikiwa na shahada ya wanyamapori, buti mpya, na kofia pana ambayo upepo wa Same uliichukua palepale stendi. Niliikimbiza mpaka ng'ambo ya barabara kuu, mbele ya abiria wa mabasi mawili, na huo ndio uliokuwa utambulisho wangu wilayani. Kwetu ni Kileo, tambarare ya upande wa Mwanga, kwa hiyo vumbi na joto havikunipa shida. Kilichonipa shida ni jina. Chuoni niliambiwa nitakuwa mhifadhi. Watu wa Same waliniita Bwana Nyama, kama walivyowaita wote walionitangulia, na mama mmoja sokoni akaniuliza kwa heshima zote kilo nauzaje.

Aliyenipokea ofisini ni Mzee Kiondo, askari wa wanyamapori wa siku nyingi, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, mtu mfupi mpana aliyetumia sauti ileile kazini na kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akafungua sanduku la chuma na kutoa bastola. Ilikuwa rivolva, ile bastola ya kizamani ambayo risasi zake hukaa kwenye gurudumu dogo linalozunguka. Tuliitumia na risasi baridi, zile zenye baruti na mlio tu, bila chuma mbele. Kazi yake ilikuwa kufukuza tembo mashambani. Bunduki kubwa ilikuwepo, lakini hiyo ilikuwa ya mnyama aliyekwisha kuua mtu, na ilitoka kwa ruhusa ya wakubwa.

"Hii haiui tembo," Mzee Kiondo alisema. "Inamkumbusha kwamba ana kwao."

"Na asipokumbuka?"

"Unasimama, unamkumbusha tena. Ukikimbia, unamkumbusha kwamba wewe pia una kwenu."

Alinifundisha kuikagua kila asubuhi. Unafungua gurudumu, unahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hamna kitu, unaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, unachungulia. Mtutu mzima hukuonyesha duara la mwanga kama mwezi mdogo. Nilifanya hivyo kila siku kwa uchaji mkubwa. Nilikuwa mtaalamu wa kuchungulia mtutu kabla sijaona tembo hata mmoja asiyekuwa kitabuni.

Tembo wa kwanza niliwakuta Maore, kijiji kilicho chini ya Gonja, upande unaotazama mbuga. Shamba lilikuwa la mjane anayeitwa Mama Naelijwa. Yeye na marehemu mumewe walishuka kutoka Bombo, juu milimani, ambako shamba la ukoo liligawanywa mpaka kila ndugu akabaki na mahali pa kugeuzia jembe tu. Baada ya msiba mashemeji zake walitaka arudi. Akakataa. Wakaafikiana mbele ya wazee wa ukoo: akiweza kujilisha kwa msimu huo kutoka shamba la Maore, abaki nalo. Akishindwa, shamba lirudi kwa ukoo, naye apande Bombo akakae nyumba ya uani kwa shemeji yake mkubwa.

"Bombo ni kwema," aliniambia siku ya kwanza. "Kuna baridi nzuri, kuna ndizi, kuna maji. Lakini jiko ni la mtu. Hata ukitia chumvi lazima kwanza utazame uso wa mwenyewe."

Kwa hiyo mkisoma neno mahindi humu ndani, jueni ninachosema. Shamba lile lilikuwa nyumba yake. Alililinda kwa zamu na jirani yake, Mzee Omari, mwenye shamba la upande wa pili, ambaye tangu mume wa mama yule afariki alikuwa akipanda dungu, kile kichanja cha kulindia, siku moja kwake na siku moja kwa mjane.

Alfajiri ile tembo walikuwa wanne. Walisimama kwenye mahindi yaliyofika kifuani wakivunja mabua kwa utulivu wa watu walioalikwa. Mama Naelijwa alikuwa juu ya dungu akipiga debe, ambalo tembo walikwisha kulizoea kama watu wa mjini walivyozoea honi. Mzee Kiondo alinisimamisha kwenye tuta, akanipanga miguu kama mpiga picha wa studio, akaninong'oneza, "Piga juu. Vuta pumzi. Piga tena. Usigeuke."

Nilipiga juu. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea, na wa kwanza kushtuka nilikuwa mimi. Tembo watatu waligeuka kuelekea mbugani. Wa nne, mama mkubwa mwenye sikio lililochanika, akanigeukia mimi. Mpaka leo sijui miguu yangu ilikata shauri lini bila kunishirikisha. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama kwenye tuta, kisha nikawa nimelala ndani ya mfereji wa maji, na kati ya mahali hapo pawili niliangusha bastola ya serikali. Tembo hakunifuata. Alitembea kidogo, akasimama juu ya bastola kama anayefikiria jambo, kisha akaenda zake.

Mzee Kiondo aliichimbua udongoni. Mpini na gurudumu viliokolewa na ulaini wa ardhi, lakini mtutu ulikuwa umelalia jiwe. Ulipinda kama kidole cha ndizi, na mdomo wake ulibanwa ukabaki tundu la kupitisha kijiti.

"Bwana Nyama!" Mama Naelijwa aliniita kutoka juu. "Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi pole kwa matope. Tembo nimewaona wengi wakikimbia. Lakini wewe unakimbia vizuri kuliko wote."

Hadithi hiyo ilifika Same kabla ya gari letu. Muuza chai wa jirani na ofisi aliniuliza kama tembo hajambo. Ndiyo maana hapa siwafichulii siri yoyote. Hakuna mtu awezaye kuungama jambo ambalo muuza chai analisimulia kwa ufasaha kuliko yeye.

Tulitoa taarifa polisi kama sheria inavyotaka, tukaifungia bastola sandukuni, kisha nikaanza kutafuta mtu wa kuniondolea aibu. Mtu aliyeaibika humsikiliza fundi yeyote anayesema "jioni". Karibu na stendi kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Nikamwonyesha picha kwenye simu, kwa kuwa silaha yenyewe haitembezwi.

"Hii?" Aliifumbia jicho moja. "Nipe jeki na moto kidogo. Jioni unaikuta imenyooka kuliko barabara ya Tanga."

"Umewahi kunyoosha bastola?"

"Nimenyoosha uma za baiskeli, nimenyoosha ekseli za trekta. Chuma ni chuma, bosi."

Nilianza kumwamini. Mzee Kiondo, aliyekuwa akinywa uji pembeni, hakuinua hata kichwa. "Atanyoosha chuma," alisema, "halafu nani atakuja kukunyoosha uso?"

Tukapata kibali tukaipeleka Moshi kwa Bwana Minja, fundi silaha mwenye leseni, ambaye alitundika cheti chake mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukisoma. Alikuwa mtu wa kujisikia kidogo. Alivaa miwani mbili kwa zamu, moja ya kutazama silaha na nyingine ya kumtazama mwenye silaha. Alipovaa hiyo ya pili nikamwambia, ili nionekane na mimi nina neno, kwamba kuna fundi Same anasema chuma ni chuma.

"Chuma si chuma," alisema. "Tazama hapa, mtutu unapoungana na mwili. Kuna ufa. Ukiunyoosha, ufa unabaki. Baruti ikiwaka inasukuma hewa, na hewa ikikuta mbele pamebanwa inatafuta njia nyingine. Njia ya karibu ni hii." Akanigusa kwa kidole katikati ya nyusi.

"Kwa hiyo?"

"Mtutu mpya. Nafungua wa zamani, nafunga mpya, napima mwanya kati yake na gurudumu, najaribu mchangani. Kazi yangu mimi ni ya siku moja. Kazi yenu ninyi ni kuupata huo mtutu."

Hapo nataka vijana mnielewe. Kuomba bastola mpya kulihitaji vikao, na vikao vilihitaji vikao vingine vya kuviandaa. Lakini mtutu peke yake ulihesabiwa kuwa kipuri, kama plagi ya gari, na kipuri kiliruhusiwa kuagizwa kiwandani ng'ambo kikiwa na kibali chake, makao makuu yakilipa. Mzee Kiondo alipendekeza tuwaachie makao makuu waagize wenyewe. Mimi nikasema hapana, nitajaza fomu ya kiwanda mwenyewe, kwa sababu Kiingereza ninacho. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Fomu ilikuwa ya kujaza kwenye kompyuta. Mahali pa kupeleka hati ya malipo nikaandika anwani ya makao makuu, Dar es Salaam, na sanduku lake la posta na mtaa wake. Mahali pa kupeleka mzigo nikaandika neno moja, kwa fahari ya mtu anayeamini kwamba dunia nzima inaujua mji wake: Same. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Mama Naelijwa alianza kupiga simu. Hakuwa mtu wa kutaja tarehe. Alitumia mahindi.

"Bwana Nyama, mtutu umefika? Mahindi yametoa mbelewele."

"Uko njiani, mama."

Kisha: "Yametoa ndevu, Bwana Nyama. Hiyo njia ni ipi? Mimi nikitumwa Gonja narudi na jua."

Kisha: "Sasa yanafaa kuchoma. Tembo nao wanajua. Juzi wamekula kona yote ya mwembe. Mzee Omari amekesha mpaka sauti imekauka, anaongea kama jogoo mwenye mafua."

Sikukaa bure. Nilikwenda Maore na wazo la kisomi: kuwapigia tembo sauti ya nyuki kwa spika, maana nilisoma mahali kwamba tembo huogopa nyuki. Tembo mmoja alikuja akasimama karibu na spika, akasikiliza, akaisukuma kwa mguu mpaka ikazima. Baadaye tulichoma vinyesi vya tembo vilivyochanganywa na pilipili. Hilo lilisaidia, ila moshi haukuwa na ubaguzi, na mimi ndiye niliyelia kuliko wote. Tembo walijifunza kungoja upepo ugeuke. Kilichokuwa kikiwatoa kweli ni mlio, na mlio ulikuwa umefungwa sandukuni bila mdomo.

Nikawaandikia kiwandani kuuliza mzigo umefikia wapi. Wakajibu haraka na kwa adabu: mzigo ulikwisha kufika, umepokelewa, asante. Nikaandika kwamba haujafika, mimi niko Same na sijaona kitu. Wakajibu kwamba wanafurahi kusikia kuwa sijahama. Nikaandika kwa hasira, nikirudia jina la mji wangu kwa herufi kubwa. Wakajibu kwamba ndiyo, ndivyo hasa walivyofanya, na kama kuna jambo jingine wako tayari kunihudumia.

Jioni nilimsomea mke wangu barua hizo nikitaka anihurumie. Mke wangu ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na huruma yake huja baada ya masahihisho.

"Baba Neema," alisema, "hebu soma hapo ulipoandika pa kupeleka mzigo."

"Same."

"Umesoma Kipare. Soma kama Mwingereza."

Nikasoma kama Mwingereza. Mke wangu aliketi chini, sakafuni, akashika mbavu. Maana Kiingereza kina neno linaloandikwa herufi kwa herufi kama mji wetu, na maana yake ni "palepale". Niliwaambia watu wa kiwanda kwamba hati ya malipo iende Dar es Salaam, na mzigo nao palepale. Wakatii. Mji mzima, pamoja na milima yake, soko lake na upepo wake, ulisomwa kama uvivu wa kuandika.

"Lakini Kiingereza unacho," mke wangu alisema alipopata pumzi. "Tatizo ni kwamba nacho kina wewe."

Asubuhi nikapiga simu makao makuu, wakaniunganisha na mama mmoja wa stoo.

"Shikamoo mama. Natafuta mzigo wetu kutoka ng'ambo, wa ofisi ya Same."

"Marahaba. Ngoja nitazame." Nikasikia karatasi. "Ninyi ndio wenye pipa?"

"Pipa gani?"

"Karatasi inasema pipa moja. Nimetafuta pipa stoo nzima, sijaliona. Nikadhani limebaki bandarini. Ni pipa la mafuta?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Kiingereza, kwa ubahili wake, kinatumia neno moja kwa mtutu na kwa pipa.

"Si pipa, mama. Ni mtutu. Wa bastola."

"Bastola ina pipa?"

"Haina pipa. Ina mtutu, wao ndio wanauita pipa."

"Sasa wewe unataka nini, unachokiita wewe au wanachokiita wao?"

"Kichuma kifupi, mama, chenye tundu. Ukubwa wa kiganja."

Nikasikia droo ikifunguliwa. "Kuna kiboksi hapa, tangu siku nyingi. Kimefungwa kwa lakiri. Nilikuwa naogopa kukifungua, nikadhani ni sampuli ya hilo pipa."

Nilikaa chuoni miaka yote ile nikisoma tabia za wanyama. Hakuna aliyenifundisha tabia za maneno, ambayo hutoka nyumbani kwao kama tembo, yakaingia shamba la mtu bila habari.

Afisa mmoja aliyekuwa akija Moshi kikazi aliubeba mtutu kwa kibali. Siku hiyohiyo Mama Naelijwa akapiga. Hakunitania. "Yanakauka, Bwana Nyama. Wiki ijayo navuna. Shemeji yangu amesema anashuka mwisho wa wiki na gari, kuja kuona kama nimepata au nimekosa. Tembo walikuwa ukingoni jana. Wanayahesabu na wao."

Tuliirudisha bastola Moshi, na Bwana Minja alifanya kazi yake kama alivyosema. Aliufunga mtutu wa zamani kwenye kibano chenye ngozi, akauzungusha ukatoka ukilia, akausafisha uzi, ile mifereji ya kufungia, akaufunga mpya, akapitisha kibati chembamba cha kupimia kati yake na gurudumu, akautoa, akakwangua, akapima tena. Alikataa kuharakishwa. Nilipomwambia habari za mama wa Maore alivua miwani ya silaha, akavaa ile nyingine, akanitazama. "Ndiyo maana sifanyi haraka," alisema. Alifyatua kwenye ndoo kubwa ya mchanga, akachungulia, akanipa nichungulie. Mwezi mdogo ulikuwepo.

Maore jua huzama mapema, kwa sababu milima iko magharibi. Tulipofika, kivuli cha Gonja kilikuwa kimekwisha kufunika mashamba huku mbuga bado inang'aa kwa mbali. Mama Naelijwa alitupokea kwa makande, akakaa akitutazama tunavyokula kama mtu anayewalisha farasi wa mashindano. Hatukumaliza. Mzee Omari aliita kutoka juu ya dungu, kwa kile alichobakiwa nacho cha sauti, "Wamekuja!"

Mama wa sikio lililochanika alikuwa mbele. Safari hii walikuwa wengi zaidi. Nilikwenda kwenye tuta la upande wa mbuga, ambalo kwa kiza nililidhani ni lile nililolijua, na Mzee Kiondo akasimama nyuma yangu, amenigusa mgongo.

"Mimi ni mzito," alisema. "Ukitaka kukimbia itabidi uniruke."

Nilifyatua. Sikukimbia. Nawaandikia hili kwa sababu ndilo jambo pekee katika kazi yangu ninaloweza kujisifia bila shahidi kucheka. Nilivuta pumzi, nikafyatua tena, na mtutu mpya ulitoa mlio safi, mkavu, uliogonga milima na kurudi. Tembo walisimama, wakapanua masikio, wakageuka wote kwa pamoja kama kwaya. Hakuna hata bua moja la Mama Naelijwa lililoangushwa.

Kisha Mzee Kiondo akasema polepole, "Tumesimama vibaya."

Tembo hukimbia mlio. Sisi tulisimama upande wa mbuga, kwa hiyo mlio uliwafukuza kuelekea kijijini, na kilichokuwa kati yao na kijiji ni shamba la Mzee Omari. Tulisikia kabla ya kuona: mabua makavu yakivunjika, mengi kwa pamoja, sauti kama ya moto. Tulizunguka mbio, tukafyatua kutoka upande wa pili, na hatimaye wakaondoka kuelekea kwao. Lakini waliondoka kama watu wanaoondoka msibani wakiwa wameshiba.

Kuna kitu nilikielewa pale na sijawahi kukisoma kwenye kitabu chochote cha fani yetu. Kazi yetu kwa sehemu kubwa ni kuhamisha tembo kutoka shamba la mtu kwenda shamba la mtu mwingine, kisha kuandika kwamba tembo wamedhibitiwa.

Kulipokucha Mzee Omari alisimama kwenye mpaka wa mashamba mawili. Kwake palikuwa kama uwanja wa mpira baada ya masika. Kwa jirani yake mahindi yalisimama wima, mistari kwa mistari.

"Mama Naelijwa," alisema kwa sauti yake ya jogoo, "wageni wako wamelala kwangu."

"Si wangu. Ni wa Bwana Nyama."

"Basi Bwana Nyama ana wageni wenye hamu ya kula."

Nilianza kusema kitu kuhusu taarifa na taratibu. Wote wawili walinitazama kwa upole unaotumika kwa mtu mwenye homa.

Mama Naelijwa alitembea mpaka mwanzo wa shamba lake, akalitazama kwa muda. Kisha akamwita mama mmoja aliyekuwa akipita, akamtuma atangaze msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu Upareni mtu akiitwa haulizi malipo. Walitoka watu kila upande, na mapanga, na vikapu, na magunia. Akawapanga. "Mstari huu wangu," alisema, "unaofuata wa Mzee Omari. Wangu, wake, wangu, wake. Mpaka mwisho."

"Mama," Mzee Omari alisema, "hiyo ni nusu. Shemeji zako watasema hukutosheka."

"Nusu inanitosha kula. Kwa kuringa tu ndiyo haitoshi." Akafunga kanga kiunoni. "Nikibaki na yote, wewe utahama, maana huna cha kukaa nacho. Na wewe ukihama, nani atapanda dungu siku yangu ya kulala? Bwana Nyama?"

Watu walicheka kwa sauti ambayo nadhani ilifika Bombo. Nikapewa panga na mstari. Bastola sikuweza kuiweka popote, kwa hiyo nilivuna nikiwa nayo kiunoni, ikinichuna nyonga kila nilipoinama, na kila mara mama mmoja wa mstari wa pili akiniuliza kama huo mtutu mpya unaweza pia kupukuchua.

Kabla ya adhuhuri pikapu iliteremka kutoka milimani na kusimama ukingoni. Akashuka mtu mrefu, amevaa koti zito la baridi ya Bombo katika joto la Maore. Alikuwa shemeji mkubwa wa Mama Naelijwa. Alilitazama shamba la Mzee Omari, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Kisha akaona watu wakivuna upande wa pili, na magunia, akasita.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kukuchukua."

"Umekuja wakati mzuri, shemeji," alijibu Mama Naelijwa bila kuacha kuvunja hindi alilolishika. "Magunia ya kushoto ni ya Mzee Omari, yeye nyumba yake iko mbali. Anza kupakia hayo."

Shemeji alimtazama yeye, akamtazama Mzee Omari, akanitazama mimi na bastola yangu, kama mtu anayetafuta mwenye akili wa kumsaidia. Kisha akavua koti.